Maharage ya kuchovya na karoti, watoto wakitoka shule

Jamani, nyumbani kwangu saa kumi jioni ilikuwa ni kelele za krispi tu, jero huku jero kule, wiki ikiisha ukipiga hesabu hela imeenda na mtoto hajala kitu cha maana. Sa hivi nawapondea maharage yanakuwa rojo zito, wanachovya karoti na tango, na bakuli wanagombania.

Mi natumia ya njano, ganda lake laini na yanaiva haraka so mkaa hauishi. Usiku naloweka kikombe kimoja, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya nabandika. Ukiwa na mekundu tafadhali yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo ndo upunguze moto, yasipoiva yale yanatapisha kweli.

Ukiminya punje kwa vidole ikapondeka yote bila kiini kigumu basi tayari. Supu yake usimwage! Kinga pembeni. Halafu ponda yakiwa bado ya moto, hapa ndo wengi wanakosea, wanasubiri yapoe, yanakaza na rojo linabaki na chengachenga. Sina blenda, napondea kwenye sufuria hiyo hiyo kwa mwiko, naongeza supu kijiko kijiko mpaka nikiinua mwiko rojo linadondoka taratibu kwa kujivuta, maana likikaa litakaza tena. Natia kitunguu saumu punje mbili zilizotwangwa, chumvi, mafuta ya alizeti vijiko viwili, na bizari nyembamba, ile ya pilau, niliyoikaanga kavu mpaka inukie. Mwisho ndimu nzima. Ndimu usiiruke, mbali na utamu, vitamini C yake inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye maharage, na mi wa mwisho wangu kliniki walishaniambia damu yake iko chini kwa hiyo hili nalichukulia serious kabisa.

Karoti nakata vijiti virefu, tango simenyi, hoho ikiwepo. Zioshe vizuri na maji safi kwa sababu moto hazitauona.

Kwenye friji linakaa siku tatu, bila friji pika kinachoisha siku hiyo hiyo. Leo nimeloweka vikombe viwili, watoto wa jirani nao wameanza kuja na karoti zao.