PTEN: Protini Inayofuta Amri ya Kukua

Katika protini zote zinazozuia saratani, PTEN ndiyo inayonivutia kuliko nyingine, kwa sababu kazi yake kuu ni kuondoa fosfati moja tu, yaani kikundi kidogo cha atomi chenye fosforasi, kutoka kwenye molekuli ya mafuta. Jeni yake, iliyoko kwenye kromosomu ya 10, ilitambuliwa mwaka 1997.

Insulini au kichocheo kingine cha ukuaji kinaponata kwenye kipokezi chake, kimeng'enya kiitwacho PI3K huongeza fosfati kwenye mafuta yaitwayo PIP2, yaliyo upande wa ndani wa utando wa seli, yakawa PIP3. Protini ya AKT huvutwa hapo na kuamshwa, kisha huihimiza seli kutengeneza protini, kugawanyika na kukwepa kifo. PTEN huiondoa fosfati hiyohiyo, PIP3 ikarudi kuwa PIP2, na AKT ikakosa pa kushika.

PTEN inapopotea, kama inavyotokea mara nyingi katika saratani za mji wa mimba na tezi dume, amri ya kukua huendelea hata kichocheo kikishaondoka. Ninaloliona zito zaidi ni kwamba si lazima nakala zote mbili za jeni ziharibike ndipo madhara yaanze. Hata upungufu wa protini hii unaweza kuongeza hatari, na ndiyo maana watu waliorithi nakala moja yenye kasoro, wakawa na ugonjwa wa Cowden, wanastahili kuchunguzwa mapema matiti, tezi ya thairoidi na mji wa mimba, kabla dalili yoyote haijajitokeza.