Tairodi endi zilizogoma siku tatu

Kabla sijaigeuza kuwa ya matofali, Canter yangu ilibeba samaki na barafu kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, kwa miaka sita. Maji ya chumvi yakichuruzika kwenye chesisi kila alfajiri, na mimi sikuwahi kuiosha chini. Kwa hiyo usukani ulipoanza kuwa na mchezo na tairi za mbele zikawa zinaliwa upande mmoja, nilijua nitakutana na kutu. Tairodi endi zote mbili, yaani viungo vya ncha za fimbo ya usukani (tairodi) vinavyoshika mikono ya magurudumu kwa pini, zilikuwa zimekwisha. Mpya nilizipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani asubuhi hiyohiyo. Kuzitoa za zamani ndiko kulikonila siku tatu.

Nati zilikubali, baada ya kulala zimelowa dizeli na mimi kuongeza bomba kwenye spana. Nikajiona nimemaliza. Nikaanza kuigonga pini kutoka chini kwa nyundo, uzi ukafumuka kama uyoga, endi haikutikisika hata kidogo. Siku ya pili kijana mmoja akaleta gesi ya kuchomelea. Nikamkatalia. Chuma cha usukani ukikipiga moto hadi kiwe chekundu, ugumu wake unaondoka, nami nashuka mteremko wa Kimara na matofali mgongoni.

Siku ya tatu, mzee mmoja pale gereji Tabata, aliyekuwa akisubiri chai yake, akachuchumaa kunitazama.

"Mwanangu, pini ina kosa gani? Mpige aliyeishika."

Pini ile imechongwa kama kabari. Kadiri inavyokazwa ndivyo inavyojikaba tunduni. Mzee akaegemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa gurudumu, yaani tundu linaloishika pini, mimi nikapiga upande wa pili, ubavuni, siyo kwenye pini. Tundu linabonyea kidogo na kurudi, na hapo kabari inaachia. Pigo la tatu likatoa mlio mkavu, endi ikaning'inia. Ya pili ilitaka mapigo kama ishirini, na nikashukuru kwamba safari hii nati nilikuwa nimeiacha nusu, maana chuma kile kingeniangukia usoni.

Kuzifungua kwenye tairodi yenyewe nilihesabu raundi ili urefu usibadilike, 17 upande mmoja na 18 upande wa pili (ambako uzi unafunguka kinyume, niliukaza kwanza kabla sijakumbuka), kisha nikarudisha mpya kwa hesabu ileile. Fundi wa alaimenti, yule wa kunyoosha tairi, alizungusha robo raundi tu, akanitoza bei kamili.