Saa nane mchana ndiyo saa yenyewe: siku moja maishani mwangu Sinza

Mimi ni msimamizi wa eneo la wazi hapa mtaani kwetu Sinza. Kamati ya mtaa inanilipa kwa michango ya wakazi, pamoja na kijana mmoja wa kunisaidia. Nikisema natunza bustani watu wananiuliza kuhusu maua. Maua ninayo, ila hayanisumbui. Kinachonisumbua ni nani yuko uwanjani na saa ngapi.

Saa 11:30 alfajiri

Kumwagilia kabla jua halijatoka. Udongo wetu ni kichanga, maji ukiyamwaga kwa fujo yanapita chini mche haujapata kitu. Kwa hiyo kila mche tumeutengenezea kisahani cha udongo, juu tumetandaza majani makavu, na maji yanamiminwa taratibu kutoka kwenye dumu. Miche ya mwaka huu ni mikungu na miarobaini. Kuna mjumbe wa kamati aliyetaka miashoki kwa sababu inapendeza getini. Nikamwambia mzee wangu, mwashoki unasimama kama nguzo ya umeme, kivuli chake hakitoshi hata benchi moja. Mkungu unatanua matawi, na Dar es Salaam bila kivuli hakuna atakayekaa.

Saa 1:00 asubuhi

Wanafunzi na wafanyakazi wanakatiza kwenda kituoni. Njia yao inapita mshazari, kona hadi kona, na ilikuwapo kabla ya kamati. Tulipopanda ukoka, wengine walitaka tuizibe kwa waya. Tuliiacha, tukaimwagia kokoto na kuipanga mawe pembeni. Aliyezoea njia ataruka waya tu, na mimi nawahitaji hawa wapita njia. Eneo linalopitwa na watu mia asubuhi si rahisi mtu kulifanya lake.

Kufagia, kuokota chupa, basi.

Saa 3:00 asubuhi

Kupogoa. Kanuni yetu ni moja: kichaka kisizidi kiuno, tawi lisishuke chini ya kichwa cha mtu mrefu. Dada anayerudi kazini usiku aone upande wa pili kabla hajaingia. Mwanzoni akina mama walikuwa wanazunguka barabara nzima badala ya kukatiza hapa jioni, na sababu ilikuwa uzio wa michongoma uliokua hadi ukamfunika mtu. Tuliushusha kwa mapanga siku moja, wiki ile ile wakaanza kupita.

Chini ya uwanja, upande wa mtaro, tumeacha sehemu iliyobonyea bila kuisakafia. Mvua za masika maji yanatuama pale kidogo kisha yananywewa na ardhi. Kuna anayetuletea hoja ya kuweka pevingi uwanja mzima, eti pawe pasafi. Maji yasiponywewa hapa yanakwenda kwa wenzetu. Mto Ng'ombe unapita Tandale na kuingia Msimbazi, na walioyaona mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa Msimbazi ukijaa inakuwaje.

Saa 5:00 asubuhi

Wazee wa bao wamekwisha kufika. Benchi lao tuliliweka makusudi kwenye kona ya mashariki, chini ya mwarobaini mkubwa, hatua chache kutoka kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka. Kona ile ndiyo ilikuwa inaliwa. Gereji bubu ilianza na gari moja bovu, yakafuata mawili, halafu turubai. Wazee walipohamia, mwenye gereji hakufukuzwa na mtu, aliona aibu tu kupiga nyundo mbele ya watu wazima wanaomjua baba yake.

Nawapitia kuwaamkia. Leo mmoja anasimulia Mnazi Mmoja, jinsi Waingereza walivyopaacha wazi ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na Uhindini. "Walitaka pasiwe na mtu," anasema huku anasambaza kete, "sasa nenda Jumapili ukatafute pa kukaa."

Ya kwetu haina historia kubwa hivyo. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, sawa na Kijitonyama. Mchoro wa mipango miji ulitenga maeneo ya wazi, lakini ukizunguka leo na mchoro mkononi, unaweza kujikuta umesimama kwenye baa au mbele ya geti la mtu. Nakala ya mchoro wetu naitembeza kwenye mkoba, imewekwa ndani ya nailoni.

Saa 8:00 mchana

Hii ndiyo saa yangu mbaya. Watoto wako shule, wafanyakazi wako mjini, wazee wamekwenda kula na kulala, jua linachoma. Anayetaka kushusha kitu anakuja saa hii. Ndiyo maana chakula changu nakilia hapa hapa.

Leo ni tipa la mchanga. Limeshaingia kinyumenyume juu ya ukoka, utingo anafungua bodi.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa hapa," anasema dereva.

"Marahaba mwanangu. Umeelekezwa na nani?"

"Tajiri."

Tajiri ni jirani yetu anayejenga. Dereva ananipa simu. "Dada yangu, ni siku mbili tu. Mafundi wakimaliza msingi naondoa."

"Kaka, geti lako nikiwa hapa naliona, na liko wazi. Mchanga wako uingie kwako."

Kimya. Kisha: "Basi mpe dereva."

Najua ananiona mkorofi. Mchanga wa siku mbili nimeuona sana. Mvua inausambaza, zinaletwa tofali za kuuzuia, tofali zinahitaji mlinzi, mlinzi anahitaji kibanda, na kibanda kikipigwa mabati ndipo watu wa mtaa wanaanza kuulizana. Kisheria, kubadili matumizi ya eneo kunataka kibali cha mamlaka ya mipango, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo. Lakini kumtoa mwenye mabati kunaweza kuchukua miaka ya barua. Kulirudisha tipa kumenichukua muda wa wali kupoa.

Kijana wangu anafukia alama za matairi kwa reki.

Saa 10:00 jioni

Hapa sina kazi, nakaa. Wavulana na mpira, wasichana wanacheza rede, bembea ina foleni na ugomvi wake.

Saa 1:30 usiku

Kikao cha kamati chini ya taa ya sola. Nimepeleka ombi moja: mama lishe wa barabarani aruhusiwe kuuza kona ya mashariki kuanzia saa sita hadi saa tisa, ili saa nane pasibaki tupu. Mwenyekiti ana wasiwasi, anasema tunafukuza mchanga tunakaribisha banda. Swali zuri. Tumebishana karibu saa nzima kuhusu nguzo: mwavuli unaobebeka, ndiyo, nguzo ya kuchimbiwa chini, hapana. Sufuria na mabenchi viondoke kila siku akimaliza. Majivu asimwage kwenye mizizi.

Mama lishe alikuwepo, akasikiliza yote, akauliza kama wateja wake wanaweza kukalia benchi la wazee wakati wamekwenda kulala. Wazee wamekubali, ila bao lisiguswe. Anaanza Jumatatu.