Nilivyomaliza ukoko kwenye boila yetu

Mimi ni opereta wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, sehemu inayofua mashuka ya hoteli hapa Dodoma. Tunatumia maji ya bomba, yale ya visima vya Mzakwe, kunywa hayana shida ila ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, we fungua birika la mtu yeyote hapa mjini utaona ule ukoko mweupe. Sasa ukoko huohuo ulikuwa umejaa kwenye matyubu ya boila, yale mabomba ya ndani yanayopitisha joto, dizeli ya siku nne ikawa inaisha siku tatu maana joto halipenyi kwenye chokaa, linaishia kwenye chimni.

Kilichonichanganya ni kwamba softena, mashine ya kulainisha maji, tunayo na chumvi tunaweka kila wiki! Bosi akasema maji ya bomba yamebadilika, fundi mmoja akasema tununue resini mpya, zile punje za ndani ya softena zinazonasa ugumu, na bei yake sio ya kitoto. Nikaomba wanipe wiki moja kwanza. Nikanunua dawa ya matone ya kupimia ugumu, maji laini yanakuwa bluu papo hapo, magumu yanakuwa mekundu halafu unahesabu matone mpaka yageuke. Ya bomba yakanipa miligramu 340 kwa lita. Ya kutoka kwenye softena asubuhi bluu, jioni bluu, kesho yake saa tano mekundu kabisa!

Nikapiga hesabu. Resini yetu ni lita 50, kila lita inabeba kama gramu 50 za ugumu kabla haijachoka, jumla gramu 2,500, ukigawa kwa gramu 0.34 za kila lita ya maji unapata lita 7,300 hivi, na sisi tunatumia 6,000 kwa siku. Kumbe aliyefunga ile taima aliiseti resini ioshwe na maji ya chumvi kila baada ya siku tatu, yaani siku moja na kidogo tuna maji laini, zilizobaki softena ipo tu. Nikaiseti kila usiku saa nane. Chumvi inakula kama kilo 6 kila usiku, bosi aliguna, nikamwonyesha hesabu ya dizeli akanyamaza.

Ukoko wa zamani ulitolewa na fundi wa asidi. Blodauni, yaani kumwaga sehemu ya maji ya ndani ya boila, bado nafanya kila zamu, maana softena inatoa kalsiamu na magnesiamu inaweka sodiamu, chumvi zenyewe zinabaki na zinajikusanya maji yakigeuka mvuke.

Miezi minne baadae tukafungua boila, matyubu meusi safi, na dizeli imerudi siku nne.