Barua pepe za kuomba mtaji zilikuwa hazijibiwi: nilichobadilisha

Kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa hapa Moshi kilihitaji shilingi milioni 60, lakini wawekezaji walikuwa kimya. Chanzo: ujumbe mmoja wa "Ndugu Mwekezaji" uliotumwa kwa wote kwa mkupuo, pamoja na faili la MB 22. Gmail inakomea MB 25, na baadhi ya seva za kampuni hukataa hata chini ya hapo.

Kwanza nilichuja orodha. Mfuko wa uwekezaji unaoanzia dola 500,000 hauna sababu ya kusoma ombi dogo la shilingi milioni 60; hapa ndipo wengi hukosea, kuliko hata kwenye uandishi. Kichwa cha barua kikawa: "Kahawa ya kukaanga, Moshi: mashine ya kilo 15, milioni 60". Ndani, sentensi tano tu: tunauza nini, nani ananunua, mauzo ya mwezi, kiasi tunachohitaji, na kitafanya kazi gani. Makadirio ya miaka mitano yalitoka, yakaingia mauzo halisi ya miezi 12. Faili likawa kiungo kinachofunguka bila nywila.

Majibu yakaanza kuja. Asiyejibu mkumbushe mara moja, baada ya wiki, ukiwa na habari mpya, mfano oda ya hoteli. Cheti cha BRELA (usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na hesabu za biashara viwe tayari; akijibu, atavitaka.