"She sells" au "she is selling"?

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na likizo hii nimegeuzwa mwalimu wake wa Kiingereza bila mshahara. Kinachomsumbua: lini aandike "I work", lini "I am working". Simlaumu. Sisi tukisema "nafanya kazi Dodoma" tumemaliza, iwe ni ya kila siku au ya muda tu.

Nikamwambia amfikirie mama yake. "She sells fish" ndiyo kazi yake, hata akiwa amelala. "She is selling fish", basi saa hii yuko sokoni, kisu mkononi, anamparia mteja sato wake. Hapo akaelewa haraka. Tabu ikaja kwenye know, want, love na believe, ambazo kwa kawaida hazitaki -ing. Mjanja akanitolea tangazo la McDonald's, "I'm lovin' it". Nikamjibu wale wanauza chipsi, hawasahihishi mitihani.

Akahamia kwa watangazaji wa mpira: mtu anapiga shuti mbele ya macho yao, mbona wanasema "he shoots"? Nikasema tendo lenyewe linaisha papo hapo, wanalitaja zima zima. Hakuridhika hata kidogo.