Mpishi wenu ni wa wapi?

Kwa muda mrefu nilikula chakula kilekile katika migahawa tofauti ya Kichina: kuku wa sosi tamu, wali wa kukaanga, tambi, taa nyekundu mlangoni. Nikiuliza watu mgahawa upi ni bora, naelekezwa kwenye ule mkubwa zaidi, natoka nimeshiba na kesho yake sikumbuki nilichokula.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa makamo aliyekaa kaunta ya kimgahawa chembamba. Nilimwagiza samaki wa mvuke. Akaniangalia kwa huruma. "Mpishi wetu ni wa jimbo la Sichuan. Samaki wa mvuke watafute kwa watu wa jimbo la Guangdong."

"Basi mama, nipe unachokula wewe. Ila nguruwe sili."

Akaniletea mapo tofu, yaani vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, pamoja na nyama ya ng'ombe, nyekundu kwa mafuta ya pilipili. Kijiko cha tatu midomo ikafa ganzi. Nilidhani mzio umenipata, nikaanza kutafuta maji. Kumbe ndiyo kazi ya pilipili ya Sichuan, ambayo si pilipili hasa bali ganda la tunda dogo la ukoo mmoja na ndimu. Wenyewe huita ladha hiyo mala, yaani ganzi na ukali kwa pamoja.

Tangu siku hiyo siulizi tena mgahawa gani ni mzuri. Nauliza mpishi katoka wapi. Wachina huhesabu mapishi makuu manane, lakini mimi yamenitosha matatu au manne. Sichuan naijua hata kwa kibao, maana herufi yake, 川, ni mistari mitatu iliyosimama. Guangdong huniita kwa bata wa kuchoma walioning'inizwa dirishani na tangi la samaki hai. Huko kipimo changu ni yule samaki wa mvuke: nyama iachie mfupa kwa shida kidogo, na juu yake tangawizi, vitunguu vya majani, sosi ya soya na mafuta ya moto, basi. Vitafunwa vyao vya dim sum huliwa na chai tangu asubuhi, kwa hiyo niliacha kuviendea usiku.

Sisi tusiokula nguruwe tuna shida ya ziada. Siku ile nilijiona mwangalifu kwa kuuliza nyama, kumbe mboga yaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mvinyo wa mchele ukaingia kwenye sosi bila kutajwa. Dawa niliyoipata ni kutafuta herufi mbili, 清真, yaani halali. Mara nyingi ndizo zinazokupeleka kwa wapishi wa tambi za mji wa Lanzhou. Unachagua unene wa tambi, kijana anavuta donge la unga mbele yako, analikunja na kulivuta tena, na dakika chache baadaye una bakuli la mchuzi mwangavu unaoona chini yake, vipande vya figili, giligilani na mafuta mekundu ya pilipili. Kwangu hakuna chakula cha Kichina kinachokizidi hiki, na wanaobisha tutabishana.

Maoni ya walaji mtandaoni bado nayasoma, ila nyota siziangalii. Naangalia malalamiko. "Pilipili mno", "kuku ana mifupa", "menyu fupi": huko nakwenda mbio. Wakilalamikia uchafu, siendi. Na menyu yenye kila jimbo la China pamoja na sushi ya Wajapani naifunga na kuaga.

Karatasi zilizobandikwa ukutani kwa Kichina tu nazipiga picha, simu inanitafsiria. Mara moja ilinipa "vipande vya mapafu ya mke na mume". Nilicheka peke yangu, nikaagiza. Ni nyama na matumbo ya ng'ombe, baridi, ndani ya mafuta ya pilipili. Jina limetokana na mke na mume waliokuwa wakiuza chakula hicho mjini Chengdu, Sichuan.

Mpishi wa Guangdong nilimpata baada ya miezi, samaki wake hana mfano, halafu mwezi uliopita akahama. Nilirudi kwa yule mama wa kaunta kumuuliza. Anasema mpishi huyo yuko upande wa pili wa mji, mgahawa hauna hata kibao. Nitakwenda Jumamosi.